Picha ya Kifua cha Radhiya

Mashine ya kupiga picha za kifua ilipoteremshwa kisiwani Amu, mwaka wa pili baada ya Uhuru, watu walisema mengi, na mengi yake yalikuwa upuuzi mtupu. Wengine walisema inaona uchi wa mwanamke hata akivaa mabuibui matatu. Wengine wakasema kuna mwari huko Shela amepigwa picha hiyo na tumbo limefungika, hatazaa maisha yake. Mwari mwenyewe nani, mtoto wa nani? Hakuna aliyejua. Lakini habari ilizunguka mtaa mzima wa Langoni kabla adhuhuri haijaadhiniwa, na mabwana wa safu ya mbele wakatoka msikitini wamekunja nyuso, wakisema watu wa bara wamekuja kuwavulia wake zao nguo.

Kerubo, nesi kutoka Kisii aliyekuja na mashine hiyo, akaona hatapata mtu. Akaenda kwa wazee, wakakubaliana: mwanamke atasimama mbele ya mashine na buibui lake, uso usifunuliwe, avue mikufu tu, basi. Kila nyumba yenye mtu anayekohoa ilikuwa imekwisha andikwa na karani, na mwenye jina lazima afike. Nyumbani kwa Bi Nana liliandikwa jina la mwanawe, Radhiya.

Barka, mtumishi wa nyumba ile, alizaliwa humo humo, na mamake kabla yake. Ndiye aliyemlea Radhiya tangu yu mchanga. Ndiye pia aliyekuwa akifua foronya za Radhiya, miezi mitatu sasa, akaona damu na akanyamaza. Arusi ya Radhiya ilibakisha siku tisa.

"Utakwenda weye," Bi Nana akamwambia. "Vaa buibui la mwanangu. Ukiulizwa jina, sema lake. Siwezi kumtoa mwari wangu akaonwe na lile dude mpaka ndani ya mifupa, kisha nimpeleke kwa mume."

"Na hii damu, Bi?"

"Damu ni ya joto. Tutamwandikia aya za kombe, anywe, itakatika."

Tangu azaliwe Barka hajapata kumwambia Bi Nana la. Akaenda. Akasimama pale alipoonyeshwa, akazuia pumzi, dude likanguruma, akarudi jikoni kupika.

Siku ya pili yake habari ikaja: Radhiya mzima, mapafu safi. Naye Kerubo, kwa kutaka kuwaziba watu midomo, akawapa kina Bi Nana picha yenyewe waitazame, waone ni mbavu tupu, hakuna uchi wowote. Lo! Kufumba na kufumbua, dude la shetani limekuwa shahidi wa Bi Nana. Kila aliyebisha hodi alionyeshwa. Na walipokuja wanawake wa upande wa bwana arusi, wakiongozwa na shangazi yake, Bi Mwanamkisi, kuulizia kile kikohozi walichokisikia kwa watu, Bi Nana aliwapa picha tu.

Barka alikuwa akipitisha kahawa. Bi Mwanamkisi akainyanyua picha kwenye mwanga wa dirisha, na Barka akauona ubavu mmoja wa kushoto umepinda na kuungika vibaya. Mkono wake ukaenda ubavuni peke yake. Miaka kumi na minane nyuma aliteleza ngazini na Radhiya mkononi, akajiangusha kwa ubavu ili mtoto asiguse sakafu. Hata yeo, ikivuma kusi, ulikuwa ukimuuma.

Hasira zikampanda. Jamani, kelele zote zile za aibu na sitara, na kifua chake yeye kinapita mkono kwa mkono, kinashikwa kwa vidole vyenye mafuta ya halwa, wala hapana aliyemtaka radhi! Lilimchoma hilo. Lakini lililomtoa machozi ni sauti ya chumba cha ndani. Radhiya alikuwa akikohoa na mto mdomoni, wageni wasimsikie. Na alasiri ile ile mashine ilikuwa inapakiwa kupelekwa Kizingitini, na haikujulikana itarudi lini.

"Mashallah," Bi Mwanamkisi akasema. "Mbavu za kupendeza."

"Ni zangu," Barka akasema.

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa mtumishi aliyedekezwa.

"Bi Mwanamkisi, huu uliopinda ni wangu. Nishike hapa." Akauchukua mkono wa yule bibi, ambao siku zote aliugusa kwa kuunawisha tu, akauweka juu ya nundu. "Aliyepigwa picha ni mimi. Radhiya hajapigwa. Radhiya anakohoa damu."

Wageni wakajitanda mabuibui yao mmoja mmoja, wakatoka, vikombe vimejaa. Bi Nana akamrukia Barka kwa kofi, kisha kwa kilio. "Umeniulia mwanangu! Umeniulia, Barka!"

Radhiya akatoka chumbani amekwisha kuvaa. "Mama, niwate niende," akasema. Akamgeukia Barka. "Twende, kabla hawajafunga masanduku."

Walimkuta Kerubo anakunja nyaya. Barka akamweleza yote, hakuficha hata moja.

"Mama, unajua ulichokifanya?" Kerubo akauliza, na sauti yake ilikuwa kali.

"Najua. Ndiyo nimekuja."

Nyaya zikaunganishwa upya. Picha ilipotoka, Kerubo akawaonyesha tundu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Atapona, akasema, lakini ni dawa mwaka mzima bila kukosa siku, na arusi isubiri.

Ndipo Bi Nana akaingia. Hajapata kutembea ndiani mchana kweupe tangu aolewe, na wapagazi waliokuwa mlangoni walimpisha. Akamtaka Kerubo arudie maelezo ya dawa mara mbili. Akaipokea chupa ya vidonge, akaitia ndani ya buibui. Kisha akasema, bila kumtazama Barka:

"Nyumbani kwangu usirudi."

"Sirudi, Bi," Barka akajibu. "Lakini hivyo vidonge ni vichungu, nami namjua. Atavificha chini ya ulimi, avitupe. Kaa naye mpaka ameze. Akikataa, mwambie Barka ndiye aliyesema."