Kidole cha Elphas Mabuza

Mimi si mtu wa kusifu watu. Mwaka wa tisa sasa nasimama kwenye kaunta ya karakana ya bunduki hapa Randburg, na wengi waliopita mbele yangu walistahili kufukuzwa kabla hawajamaliza salamu. Wanaleta bastola za babu zao zimeliwa na kutu, wanataka ziwe mpya ifikapo Ijumaa. Lakini Évariste namsifu, ingawa mwenyewe nimemwambia mara moja tu. Mtu wa Bukavu ukimsifu mara moja, wiki nzima hamtasikilizana.

Évariste ndiye fundi wetu. Ana mikono mikubwa ya mchinja ng'ombe, na kwa mikono hiyo hiyo anashika skrubu ndogo kama punje ya mtama. Skrubu ya zamani haigusi kwa bisibisi ya dukani. Anaitazama kwanza kwa lenzi, kisha anachukua bisibisi na kuinoa kwenye jiwe mpaka ncha iingie kwenye mfereji wa skrubu ile bila kucheza hata kidogo. Kila skrubu na bisibisi yake. Akimaliza anaitia alama ya rangi na kuitundika ukutani, na ukutani pale ziko zaidi ya mia mbili. Mwanzoni nilimcheka sana. Siku hizi mteja akiziuliza, mimi ndiye ninayeeleza, tena kwa madaha.

Mwezi wa tatu mwaka 2017, siku ya Jumatatu, aliingia Mama Suzan pamoja na binti yake, Suzan. Mama mtu jina lake hasa ni Amisa, mtu wa Morogoro. Huko ndiko alikoolewa na Sipho Mabuza, wakati Sipho yuko uhamishoni, na njia ya kurudi ilipofunguka wakaja wote kuishi huku kwa kina Sipho, mtaa wa Bertrams. Sipho alikuwa amefariki mwezi wa kwanza. Katika alivyoacha kulikuwa na bastola aina ya Webley ya mwaka 1917, aliyoirithi kwa baba yake, Mzee Elphas. Sasa Suzan ndiye aliyetaka kuirithi. Alikuwa ameshajiunga na chama cha wakusanyaji wa silaha za kale, na jambo moja tu ndilo lililobaki: mkaguzi wa chama aikague bastola na atie saini kwamba ni nzima na inastahili kuhifadhiwa. Akikataa, leseni hakuna, na bastola inapelekwa polisi kukatwa vipande. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi.

Mama Suzan aliiweka juu ya kaunta ikiwa imefungwa kwenye kanga. Nikaifungua, nikaikunja bastola katikati kama zinavyokunjika hizo, nikahakikisha matundu yote sita ya silinda ni matupu. Halafu nikaitazama vizuri, na chuma chake chote kilikuwa kimekwanguliwa kikabaki cheupe.

"Mama Suzan, hii imefanywa nini?"

"Nimeiosha," alisema, kwa sauti ya mtu anayetegemea ahsante.

Kwao, arobaini ikiisha, vitu vya marehemu havigawiwi hivi hivi. Nguo zinafuliwa, viatu vinasuguliwa, saa inafutwa, ndipo mrithi anakabidhiwa mkononi vikiwa safi. Basi alivisafisha vyote, na ilipofika zamu ya bastola, kabla haijaletwa kwetu kama sheria inavyotaka kwa silaha ya marehemu, aliitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akaisugua kwa stili waya kama sufuria lililounguza ugali. Akaianika dirishani jikoni.

Nilipandisha mori. Nilimwambia kwamba ile rangi ya buluu nyeusi aliyoitoa ndiyo umri wa bastola wenyewe, kwamba wakusanyaji wanaitafuta hiyo kabla hawajatazama kitu kingine, na kwamba ameikwangua miaka mia kwa dakika kumi. Nilisema kwa sauti ambayo mpaka leo naionea haya.

"Kwa hiyo nimeiua?" aliuliza.

Suzan, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini mdomoni kinamtoka Kiingereza na Kizulu, alinitazama vibaya sana. "Eish, malume," alisema, yaani mjomba kwa Kizulu, na sikuhitaji aendelee.

Évariste alitoka ndani akijifuta mikono. Alikuwa amesikia kila kitu. Sauti yangu hainihifadhii siri.

"Vuai, nyamaza kwanza," alisema. "Mama, usilie. Chuma iko muzima. Kuja tuangalie pamoja."

Akamvutia kiti karibu na meza yake ya kazi, jambo ambalo mimi sijawahi kufanyiwa. Aliingiza taa ndogo nyuma ya mtutu na kumwonyesha mifereji ya ndani, imejizungusha safi, madoa ya kutu machache tu karibu na mdomo. Alisoma namba ya mwilini na ya kwenye silinda. Zilikuwa zimekwanguliwa lakini zinasomeka, na zilikuwa sawa. Aliitikisa silinda mbele na nyuma kwa vidole viwili, macho amefumba, kama mama anayepima joto la mtoto. Kisha akaanza kuvuta nyundo ya bastola kwa dole gumba polepole, huku kidole cha mkono wa pili kikiizuia silinda kidogo. Kila tundu likifika mahali pake linapaswa kujifunga na kulia ta. Tundu la kwanza likalia. La pili likalia. La tatu likachelewa. Nyundo imeshafika mwisho, silinda bado inatafuta mahali. La tano nalo hivyo hivyo.

"Voilà," alisema. "Hii ndiyo shida yenyewe. Ile ya stili waya ni ngozi tu."

"Ngozi nayo utaipaka rangi?" niliuliza.

"Hapana. Rangi mupya ni bongo. Mukaguzi ataona, na ataanza kutafuta bongo ingine." Bongo kwao ni uongo. Alimgeukia Mama Suzan. "Tutamwambia ukweli, mama."

Mama Suzan aliondoka ameinamisha kichwa, na niliona kwamba neno lile la kuua ameondoka nalo.

Jumanne Évariste aliifungua. Alinoa bisibisi nne mpya kwa ajili ya bastola moja, saa nzima jiwe likilia, nami nikapiga kelele kuhusu Alhamisi asinisikie. Alipotoa mbao za kishikio, springi, nyundo na kifyatulio, kikatoka kile kipande kinachoisukuma silinda izunguke. Mafundi wanakiita kidole. Ncha yake ilikuwa imelika, na ndiyo maana matundu mawili yalichelewa.

Tunalo sanduku la vipuri. Nilitafuta mwenyewe, nikapata kidole cha Webley kilichotoka kiwandani, hakijatumika sana. Nikakiweka mezani kwa fahari. "Haya, tumemaliza," nilisema.

Évariste hata hakukitazama. Alikuwa amekishika kile cha zamani chini ya lenzi, akikigeuza upande huu na ule.

"Vuai, kuja uone. Hii haikutoka kiwanda."

Nikainama kwenye lenzi. Ubavuni mwa kile kidole, mahali pasipogusana na kitu, palikuwa na mistari midogo iliyokatana, iliyofifia. Tupa zenye mistari ile nimeziuza kwenye kaunta hii miaka yote. Ilikuwa meno ya tupa. Mtu alichukua tupa iliyochakaa, akaikata, akaichonga ikawa kidole cha bastola, na pembe zake zilikuwa kali na sawa kiasi kwamba cha kiwandani, pembeni yake, kilionekana kama kimetafunwa.

"Huyu alifanya kwa mukono tu," Évariste alisema. "Bila mashini. Mimi nimefanya hii kazi miaka makumi mbili, na hii siwezi kuifanya hivi. Mwalimu wangu pia hangeweza."

Sijawahi kumsikia akisema siwezi.

Tulimpigia simu Mama Suzan, akafika na Suzan baada ya saa moja. Évariste alitaka kumweleza tu kazi ilipofikia: kwamba kuna kidole cha kiwandani, na kuna hiki kilichochongwa kwenye tupa. Alipofika kwenye neno tupa, Mama Suzan alitafuta kiti akakaa.

"Rudia," alisema.

Évariste akarudia, akamwonyesha meno kwenye lenzi.

"Mungu wangu," Mama Suzan alisema. "Mzee alikuwa anasema kweli."

Ndipo akatueleza kwamba Mzee Elphas alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye duka la bunduki mjini, duka ambalo halipo tena. Kwenye karatasi za duka aliandikwa mfagizi. Mweusi wa zama zile za ubaguzi hakuruhusiwa kuwa fundi wa bunduki, seuze kuweka jina lake kwenye kazi. Alipostaafu, zama zimeshabadilika, mwenye duka alimpa Webley ile. Na kila Krismasi, akishashiba, mzee aliwaambia watoto wake kwamba bastola hii ilikuja dukani haizunguki, mafundi wakaitupa kwenye ndoo, na yeye akaitengenezea kidole kutoka kwenye tupa mbovu, saa za chakula cha mchana, amekaa sakafuni nyuma ya mlango.

"Na sisi tulicheka," Mama Suzan alisema. "Sipho alikuwa anamwambia, Baba, wewe ulikuwa unafagia. Mimi mkwewe nimeshika sahani ya wali, nacheka nao." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sipho amekufa hajui."

Hapo ilibidi mimi nizungumze, maana Évariste asingesema. Nilimweleza kwamba mkaguzi anataka vipuri vya asili. Bastola tayari ina mikwaruzo nje. Akikuta na kidole cha kienyeji ndani, kasoro zinakuwa mbili, na anaweza kukataa. Tukiweka cha kiwandani, ndani kutakuwa safi.

Suzan alitaka kusema, akajizuia, akamtazama mama yake.

"Nimeshaisugua nje," Mama Suzan alisema. "Ndani sitaki isuguliwe. Rudisheni cha kwake. Ikikatwa, ikatwe nacho."

Évariste alikaa na kidole kile Jumanne iliyobaki na Jumatano toka asubuhi. Aliigonga ncha iliyolika kwa nyundo ndogo kuliko kijiko cha chai, akiirefusha kwa unene wa unywele, anapitisha jiwe, anarudisha ndani, anajaribu, anatoa tena. Nilihesabu mara kumi na saba kisha nikaacha kuhesabu. Meno ya tupa ubavuni hakuyagusa. Jumatano saa tisa alasiri alivuta nyundo ya bastola mara sita, na matundu sita yakalia ta, yote kwa sauti moja. Niliomba nijaribu na mimi. Nikamwambia kwamba sijaona fundi kama yeye. Alinitazama kama nina homa.

Alhamisi akaja mkaguzi, Mzee Viljoen, mrefu, miwani imening'inia kifuani, mtu wa maneno machache. Alipoigeuza bastola mara moja tu alikunja uso.

"Nani amefanya uharibifu huu?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nilifungua mdomo nimtetee Mama Suzan, kwa kuwa nilikuwa na deni naye. Alinitangulia. Kiingereza chake anakionea haya, hukitumia dukani tu na kwa sauti ndogo, lakini siku hiyo alisimama. "Mimi," alisema. "Nimeiosha kwa ajili ya mume wangu."

Mzee Viljoen akairudia bastola. Alivuta nyundo polepole, mara sita, akarudia mara sita nyingine. Uso ukaanza kukunjuka. Akaomba ifunguliwe. Évariste akashusha bisibisi zake nne ukutani, na dakika chache baadaye kile kidole kilikuwa chini ya lenzi. Mzee wa watu alikaa juu yake mpaka nikasikia mgongo wangu mwenyewe unauma.

"Hii si ya kiwandani," alisema mwishowe. "Ni kazi yako?"

"Hapana," Évariste alijibu. "Mimi nilirefusha ncha tu. Laiti ingekuwa yangu."

"Ni ya nani, basi?"

"Elphas Mabuza," Mama Suzan alisema. "Alikuwa fundi bunduki."

Mzee Viljoen alivuta fomu, akafika penye sehemu ya matengenezo, akauliza jina linaandikwaje. Suzan akamtajia herufi moja moja. Kisha mzee akashuka kwenye sehemu ya kasoro na kuandika kwamba nje imesuguliwa. Alikuwa ameshapeleka kalamu kwenye saini Mama Suzan alipoweka kidole chake kwenye ile sehemu ya kasoro.

"Hapo pia weka jina," alisema. "Amisa Mabuza. Mkwe wake."

Mzee Viljoen akaandika, halafu akasaini.