Mbegu Zilizomngoja Mikayi

Mvua ya kwanza baada ya njaa ya mwaka wa themanini na nne ilinyesha Pap Onditi kwa nguvu. Agneta Nabututu, afisa wa kilimo kutoka Bungoma, alifika boma la marehemu Ogola akitarajia kuona mtama umeanza kuchungulia. Akakuta shamba limelimwa vizuri, udongo mweusi umelowa, lakini hakuna mbegu hata moja ardhini. Mfuko wa mbegu ulikuwa jikoni kwa Seline, mjane wa Ogola, umening'inizwa darini mahali panya hawafiki.

"Tutapanda kesho, Bwana Shamba," Seline alisema. Walimwita hivyo ingawa alikuwa mwanamke, kwa kuwa wote waliomtangulia kazini walikuwa wanaume.

"Hata juma lililopita uliniambia kesho, Mama Seline."

"Ni kesho ile ile. Bado haijafika."

Wakacheka wote wawili, ila Agneta alicheka kwa shingo upande. Mtama huo ulikuwa wa kukomaa upesi, kabla jua halijaunguza kila kitu. Serikali na shirika moja la ng'ambo walikuwa wameuleta ili njaa isirudi. Boma hili ndilo lililochaguliwa liwe mfano, na majirani walikuwa wakilitazama kabla ya kuamua. Wageni wa shirika wakikuta shamba tupu, mbegu za msimu ujao zingepelekwa tarafa nyingine. Tena udongo ule ukikauka ulikuwa mgumu kama chungu.

Neno "wavivu" lilimjia Agneta mdomoni. Akalimeza. Mikono ya Seline ilikuwa na malengelenge ya jembe, na mvivu hapati malengelenge. Akavuta kigoda, akamsaidia kuchambua mboga ya akeyo.

Mboga ilipokaribia kwisha, Seline akasema, "Mikayi hayupo."

"Mikayi?"

"Mke wa kwanza. Mama Beldina. Mimi ni wa pili. Mzee alishakufa, kwa hiyo yeye ndiye anaanza. Akishatia mbegu yake, nafuata mimi, halafu wake za watoto. Nikimruka, nitakuwa nimeletea boma hili laana ya chira. Mtoto akiugua, watasema ni mkono wa Seline."

"Yuko wapi?"

"Kisumu, Nyalenda, kwa binti yake. Alipelekwa kutibiwa macho."

"Lakini kwenye baraza uliinua mkono! Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza nani anataka mbegu. Mimi nilitaka," Seline alisema polepole. "Hukuuliza nani anaanza kupanda."

Kesho yake Agneta alikuwa Kisumu, mbele ya meza ya mkuu wake, Bwana Wakhisi. Mkuu huyo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Mradi huu ni wa akina mama wote sawasawa, Agneta. Haujui mke wa kwanza wala wa tatu. Tukianza kufuata chira, tutamaliza lini?"

"Usawa ni mzuri, bwana. Lakini mbegu ziko darini."

"Unataka nini?"

"Gari. Nimrudishe Mama Beldina nyumbani."

"Gari la mradi halibebi watu wasio wa mradi."

"Huyu ni wa mradi. Sisi ndio tuliomsahau."

Wakhisi alitazama nje, mawingu yakijikusanya juu ya ziwa. "Mwambie dereva asichelewe kurudi," akasema.

Mama Beldina walimkuta kwenye foleni ya maji, jicho moja limefunikwa kitambaa cheupe, akimkemea kijana aliyejaribu kupenya mbele. Agneta akamwamkia na kujieleza.

"Serikali ilifika kwangu lini?" kikongwe akauliza.

"Mwezi uliopita, mama. Hukuwapo."

"Na hamkuniulizia."

Agneta alikuwa na majibu mengi tayari. Akayaacha. "Hatukukuulizia, mama."

"Haya. Leo umeniulizia." Akamkabidhi binti yake mtungi, akaenda kufungasha.

Alfajiri iliyofuata, mikayi alisimama shambani, akafungua fundo la leso yake. Zilitoka mbegu nyekundu za mtama wa zamani, alizozificha njaa yote bila kuzila. Agneta alijua kanuni: shamba la mfano halichanganywi mbegu. Akampisha. Kikongwe akatia mbegu zake mstari mmoja ukingoni, kisha akanyoosha kiganja. "Sasa nipe hizo za serikali."

Kufikia adhuhuri Seline na wakaza wana walikuwa wameumaliza mfuko.

Wageni walipokuja na Bwana Wakhisi, mtama ulikuwa umefika magotini. Mmoja akauliza kwa nini mstari wa ukingoni una mashina ya namna nyingine. Agneta akataka kujibu. Lakini Bwana Wakhisi akamtangulia.

"Huo ni wa mwenye boma," akasema, kama mtu aliyelipanga jambo hilo tangu mwanzo. "Hapa kazi huanzia kwake."

"Ala!" Seline akanong'ona. "Kumbe mkubwa wako anajua mambo ya kwetu!"

"Nyamaza, Mama Seline. Wageni watasikia."

Kutoka hapo msafara ulikwenda boma la jirani, ambalo nalo liliomba mbegu. Akina mama walikuwa wamekusanyika, mikono tayari kuinuliwa. Bwana Wakhisi akakohoa, akavua kofia.

"Kabla ya yote," akasema, "mikayi wa hapa ni nani?"

Wanawake wakatazamana. Kisha wakageuka wote kuelekea nyumba ya nyuma, ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli.