Sauti ya Furaha Kwenye Grupu la Msiba

Kaliza alitoka uwanja wa ndege wa Kanombe mbio kama anafukuzwa, kumbe anayemkimbiza ni habari. Amepata kazi! Kaunta ya abiria, hapohapo uwanja wa ndege, sare na kitambaa cha shingoni, baada ya usaili mara tatu! Habari ya namna hiyo haibebwi mpaka nyumbani. Inamwagwa palepale barabarani, kabla pikipiki haijafika.

Akatoa simu. Kidole kikaenda chenyewe kwenye picha ya Shangazi Mukasine, ile ya kitenge cha njano.

"Shangaziii! Nimepata! Mana yanjye, Mungu wangu, nimepata! Yule mama wa miwani, si nilikwambia hanipendi? Ndiye ameniita mwenyewe! Ngoja, sijakwambia la viatu..."

Dakika mbili nzima, anacheka, anapiga kelele, mpaka askari wa getini naye akacheka. Akatuma. Ndipo akakumbuka.

Shangazi alizikwa wiki tatu zilizopita. Ile picha ilikuwa ya grupu la msiba wake.

Unayajua magrupu hayo. Mtu akifa linafunguliwa saa hiyohiyo: nani analeta viti, nani anapika, misa iko saa ngapi. La Shangazi lilijaa watu mia na sitini, na wiki ile Kaliza hakukaa peke yake hata dakika. Halafu matanga yakaanuliwa, turubai likarudi kwa mwenyewe, watu wakaanza kutoka. Fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Si ubaya, ndiyo desturi. Ila Kaliza aliyasoma maneno hayo kila jioni, kama anayetazama viatu vya wageni vikipungua mlangoni.

Siku hiyo walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Angeweza kuifuta ile sauti. Lakini akiifuta, habari ya kazi yake itakuwa haijamfikia mtu yeyote duniani. Akaiacha.

Kufika nyumbani Kagarama, binamu yake Eddie ameondoka. Mama mmoja wa kwaya ameandika, "Mungu akutie nguvu, mwanangu," naye akaondoka. Hongera? Hakuna. Nani atatoa hongera msibani?

Nyumba kimya. Jikoni, kigoda kilikuwa mahali pake. Shangazi, aliyemlea tangu Karagwe mpaka wakahamia huku, akiona Kaliza ameingia na habari, alikuwa anaweka kisu chini, anapangusa mikono, anaketi pale: "Haya, anza mwanzo. Usirukeruke." Kwa sababu Kaliza akisimulia ni panzi mtupu, huyu hapa, huyu kule.

Akajaribu kukisimulia kile kigoda. Maneno mawili, akaacha.

Akatazama grupu. Wamebaki wawili: yeye, na namba ya Kenya isiyo na jina. Akaifikiria, akaijua. Njoroge, fundi wa lifti, mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye kwa miaka miwili hawajavuka naye "habari" na "nzuri".

Akaenda kugonga. Njoroge akafungua, pasi mkononi.

"Mbona wewe hujatoka kwenye grupu?"

"Sijui kutoka. Simu hii ni mathe, shangazi yako, alikuwa ananifundisha." Akakuna shingo. "Na hata ningejua, sasa unatokaje na mwenye msiba bado ameketi?"

"Kwa hiyo umesikia ile sauti yangu."

"Mara tatu. Sikushika kitu. Miwani, viatu, sijui askari. Unaruka tu, dada."

"Askari sikumtaja!"

"Anasikika akicheka."

Kaliza akacheka kidogo, akaishiwa. Njoroge akachomoa pasi, akatoa kiti cha plastiki, akakiweka mlangoni.

"Kaa basi. Anza mwanzo. Usirukeruke."

Kaliza akamtazama. Ukuta wa jikoni ni mwembamba. Miaka miwili yote huyu alikuwa anawasikia kutoka upande wa pili. Lakini sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume, na mlangoni palinuka nguo iliyoungua. Haikuwa ya Shangazi.

Hata hivyo akaketi.

"Asubuhi," akasema, "nilianza kutafuta viatu. Vyangu vimekatika kisigino. Nikafungua kabati la Shangazi, nikachukua vile vyeusi vya kanisani. Vikanienea."

Hapo akainamia miguu yake. Bado alikuwa amevivaa.

Njoroge hakumsukuma. Aliegemea mlango, akangoja.