Acha Upumzike

Wifi aliikuta karatasi kwenye mlango wa friji, imebanwa kwa sumaku, mwandiko wa kaka yake umelala ubavu kama kawaida. Akaisoma kwa sauti: "Kanda dakika kumi na tano, polepole. Mafuta yasipungue. Funika kwa kitambaa chenye joto. Acha upumzike saa nzima." Akaguna kwa kuridhika. Yeye ni mpishi wa hoteli, miaka ishirini na mbili jikoni, na maelekezo ya unga hayampigi chenga.

"Kumbe mnajua kuoka fokacha, ule mkate wa mafuta wa Kiitaliano, humu ndani na mmenyamaza," akasema, na kabla mwenye jiko hajapumua, bakuli lilikuwa mezani na hamira inatoa povu kwenye maji ya uvuguvugu.

Mwenye jiko, fundi cherehani na mke wa kaka huyo, hakumsahihisha, ingawa alijua fika karatasi ile ni ya nini. Tangu kiharusi kimpitie, miezi mitatu sasa, mkono wake wa kulia ulikuwa unakunjika na kukunjuka lakini hausikii chochote. Vidole kama vya kuazima. Mtaalamu wa viungo alikuwa amempigia simu mumewe, dereva mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Breki, akamwelekeza jinsi ya kumkanda kila siku. Breki aliandika yote isipokuwa neno moja tu, mkono. Hakuona haja, kwani nyumba nzima ilikuwa haizungumzii kitu kingine.

Lakini fundi alikataa kuguswa. Wiki ya sita alikuwa amejikaza akarudi kwenye cherehani kumalizia gauni la bibi harusi. Sindano ikampitia kidole cha shahada, naye akaendelea kukanyaga pedali bila habari, mpaka alipoona damu imetambaa kwenye kitambaa cheupe. Hakulia. Aliifunika cherehani kwa shuka, akauficha mkono chini ya shali. Kidole kisichosikia sindano si cha fundi, na kama yeye si fundi, hakujua tena ni nani.

Sasa wifi alikuwa anamsukumia bakuli. Fundi akamwambia ana mkono mmoja tu wa kazi. Wifi, ambaye hajawahi kubembeleza mtu maishani mwake, akajibu kwamba unga wa fokacha ni laini mno, ukiukanda kwa mkono mmoja unakukimbia. Basi shali ikawekwa kando. Mkono wa kushoto ulisikia unga unavyonata na kuvutika. Wa kulia ulifuata mkumbo.

Breki alirudi kutoka dukani akakuta wameshafunika bakuli. Akaitazama karatasi, akamtazama mkewe aliyejaa unga hadi viwikoni, akaeleza karatasi ile ni ya nini, kwa sauti ya mtu aliyegonga gari la jirani.

Dada yake akamkazia macho. "Kwa hiyo kinachopumzika ni nini, unga au mkono?"

"Mkono," Breki akasema. "Ila hata unga unaweza."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Hakuwa amecheka hivyo tangu hospitali.

Saa ilipotimia, wifi akamwachia yeye afunue. Fundi akainua kitambaa, akasimama pale pale. Donge lililokuwa limejikunyata kwenye kitako cha bakuli lilikuwa limepanda hadi ukingoni, linang'aa kwa mafuta, na ngozi yake ikiinuka kidogo kidogo huku anaiangalia. Maisha yake yote alishona vitu vinavyobaki vile ulivyoviacha. Hiki kilikuwa kimefanya kazi gizani, peke yake, bila kuombwa na mtu. Alistaajabu kiasi cha kuogopa, na akasema hivyo: "Wifi, naogopa kukigusa."

"Kiguse," wifi akasema, akiumimina unga kwenye trei. "Vidole vyote kumi, wima, mpaka chini."

Akavizamisha. Unga ukabonyea na kuvimba pembeni, mafuta yakajaa kwenye vishimo. Na hapo, chini ya kidole cha shahada cha kulia, povu dogo lilikimbia likapasuka. Au aliliona tu, hakulisikia? Akafumba macho, akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, kimya vile vile. Hakumwambia mtu, maana tumaini likishasemwa linakuwa la nyumba nzima.

Wifi akanyunyiza chumvi ya chenga, trei ikaingia kwenye oveni. Ilipotoka, mkate ulikuwa wa rangi ya dhahabu, umepasukapasuka juu, mafuta yakichemka kwenye kila kishimo alichokitoboa yeye. Fundi akainama, mikono yote mezani, kuona vizuri kitu alichokifanya, na tone la mafuta likamrukia kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

"Inauma," akasema.

Breki akakurupuka na kikombe cha maji. "Pole, mama watoto, pole sana."

"Usinipe pole."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. Akakinyoosha kidole cha kati cha mkono uleule kuelekea kwenye mafuta yanayochemka, taratibu, ili akipime na hicho, na Breki akaudaka mkono kabla haujafika, akaufumbata kwa viganja vyote viwili. Fundi hakuuvuta.

"Kaza kidogo," alimwambia. "Nakusikia kwa mbali."