Kona ya Wasio na Chanzo

Wanafunzi walimwita Bi Ukurasa, na jina halikumsingizia. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza ukurasa wa ngapi. Darasani mwake sheria ilikuwa moja: aletaye maneno ya watu bila kutaja chanzo husimama nyuma, kando ya kabati la mafagio, mpaka kengele.

Asubuhi moja mkaguzi alikuja na kauli fupi: utenzi wa kale wanafunzi wanaukariri tu kama kasuku. Kipindi kikimchosha, utenzi unafutwa na saa zake wanapewa watu wa jiografia. Bi Ukurasa alikuwa akiufundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Akaanza na shujaa aliyevuka mto kwenda kuikomboa ngoma ya baba yake. "Nipeni tashbihi ya pale anapowafikia adui."

Akasimama Redio, msichana wa mbele, aitwaye hivyo kwa kuwa hazimiki. "Aliwapasua kama shangazi anayepenya foleni ya maji na ndoo mbili."

Darasa likacheka. Hata mkaguzi mdomo ulimcheza.

"Ukurasa?" Mwalimu akauliza.

Redio akapekua kitabu, akakifunga. Mkaguzi naye akapekua chake. "Humu kuna mamba apasuaye maji," akasema. "Foleni siioni."

"Redio, mwanangu, umeitoa wapi?"

"Kwako, Mwalimu. Juzi, tulipokwambia mamba hatujawahi kumwona. Ukurasa hukututajia."

Darasa zima likageuka kutazama kabati la mafagio. Sheria ni msumeno. Bi Ukurasa akaweka chaki mezani, akatembea hadi nyuma, akasimama. "Endelea, Redio."

Mkaguzi akakohoa. "Hakuna haja, Mwalimu. Utafiti unaonyesha kwamba mwalimu akitoka mbele, darasa huvurugika."

"Utafiti wa nani?" Redio akauliza kwa adabu zote.

"Na wa mwaka gani?" akadakia mwingine.

Mkaguzi akakusanya karatasi zake, akaenda kona ileile. Fagio moja likamwangukia begani, akalirudisha kabatini.

Huko mbele ubishi ukawaka: mamba au shangazi, nani anaonekana zaidi? Kijana mmoja akasoma ubeti kwa sauti: mamba akishapita, maji hujifunga nyuma yake. "Na foleni hivyohivyo," akasema, "utadhani hajapita mtu." Vitabu vikafunguliwa bila kuamriwa, kila mtu akitafuta mstari wa kumkomesha mwenzake.

Mkaguzi akainama. "Utenzi unabaki, Mwalimu. Ila hiyo ya shangazi nataka kuitia kwenye taarifa. Chanzo niandike nini?"

"Shangazi yangu mwenyewe. Ndoo mbili, na tone halikumwagika."

"Ukurasa?"

Bi Ukurasa akafikiri. "Hana."

Mkaguzi akatazama saa, akaegemea kabati. "Basi tuendelee kusimama."