Osayo Hachaguliwi Hapa

Kila asubuhi, saa nne kasorobo, Bi Wakui alipandisha shata, mlango wa bati wa kukunja, la ukumbi wake wa michezo, akamwaga majivu ya sigara za jana, akaanza kupangusa vioo vya mashine kuanzia mlangoni. Mashine ya Ngumi Kumi na Mbili aliiacha mwisho kwa sababu ilihitaji vitambaa viwili, kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Tangu Agosti kioo chake kilikuwa kikitoka jasho upande wa ndani. Fundi aliitwa, akafungua, akapangusa, akaonja kwa ncha ya ulimi na kusema lina chumvi. Kisha akafunga skrubu zake na kuandika kwenye risiti: unyevu.

Ukumbi ulikuwa katikati ya soko lenye paa karibu na stesheni ya Amagasaki, kati ya duka la tofu, ile jibini ya soya, na duka la miavuli. Ilikuwa mwaka 1997, na watu bado walitoka nyumbani kwao kwenda kupigana. Mashine za kupigana zilisimama mbili mbili, mgongo kwa mgongo, kwa hiyo aliyekupiga humwoni, unasikia tu vitufe vyake vikilia upande wa pili. Ukishindwa unainuka. Ukishinda unabaki na sarafu yako ileile hadi apatikane wa kukutoa.

Katika wapiganaji kumi na wawili wa mchezo ule, kumi na mmoja walikuwa wa kawaida: mwanamieleka mnene, mtawa, mwizi wa farasi na wenzao. Wa kumi na mbili alikuwa Osayo, dobi, aliyepigana kwa kibao cha kupondea nguo. Osayo hakupigika. Mwenye kumchagua alikaa kitini tangu asubuhi hadi Bi Wakui aliposhusha shata saa mbili usiku, na mwenye kumchagua, siku nyingi, alikuwa Mzee Kusaka.

Mzee Kusaka alikuwa dereva wa tramu mstaafu, miaka hamsini na tisa, na hakuwahi kugusa mchezo wa mashine maishani mpaka alipomaliza siku arobaini na tisa za msiba wa mwanawe. Binti huyo, Chinatsu, alifanya kazi katika kampuni ya Himuro, watengenezaji wa mchezo ule, ng'ambo ya mto, Osaka. Kazi yake ilikuwa kupanga nguvu za wapiganaji, nani apige kwa kiasi gani na apokee kiasi gani. Kampuni ilikuwa inabana matumizi, kwa hiyo sauti ya Osayo aliirekodi yeye mwenyewe, ndani ya kabati la karatasi, kajifunika blanketi. Sauti zenyewe tatu tu: "Haya!", "Bado!" na "Samahani!" Alikufa mezani pake Ijumaa moja ya Februari, akiwa na miaka ishirini na sita, baada ya siku kumi na tisa za kutofika nyumbani. Kwenye kioo cha kompyuta yake ya kazi palikuwa na maandishi: Jumatatu, punguza nguvu za Osayo. Jumatatu ilipofika, kampuni ikatoa mchezo vilevile ulivyokuwa. Kwa baba yake walileta boksi la keki za maharage na barua iliyosema kwamba marehemu aliipenda sana kazi yake.

Basi mzee alikwenda kusikiliza sauti tatu. Kwa miezi mitatu alizisikia hizo tu, zikamtosha, akajifunza vitufe ili azisikie zaidi. Mnamo Agosti, Osayo akapiga miayo. Siku ya pili akakohoa. Siku ya tatu, mwizi wa farasi akiwa bado chini anagaragara, Osayo akageuka upande wa kiti na kuuliza, "Baba, umekula?"

"Nimekula," alisema Mzee Kusaka.

Watu waliosimama nyuma yake walitazama kwingine, kama inavyotakiwa mtu anapozungumza na mtoto wake.

Sasa, kwenye kaunta palikuwa na daftari lililofungwa kwa kamba. Hapa kwetu mtu hamwambii mwenzake usoni kwamba anaharibu mchezo. Anaandika daftarini, anatia jina, na wengine wanajibu chini yake. Neno marufuku haliandikwi. Huandikwa "tujizuie", na wazoefu wote wakitia saini, hata mlevi aliyeingia kukwepa mvua ataheshimu. Saini moja ikikosekana, hakuna kilichoamuliwa. Mwezi wa Septemba Dobashi, muuza tofu wa jirani, aliyepigana kwa mwanamieleka mnene kwa ajili ya heshima tu, akaandika: "Kuanzia Jumatatu, tujizuie kumchagua Osayo." Kabla wiki haijaisha saini zilikuwa kumi na tatu. Wazoefu walikuwa kumi na wanne.

Dobashi akamfuata Mzee Kusaka kwenye kiti, jambo ambalo si adabu, lakini alikuwa ameshachoka.

"Mzee wangu, mimi nasukuma baiskeli ya tofu tangu alfajiri. Nakuja hapa nipigane dakika kumi nisahau mgongo. Napigwa na dobi sekunde tisa! Haki hiyo?"

"Jifunze."

"Nijifunze nini? Hapo hata paka akipita juu ya vitufe anashinda!"

"Paka wangu usimtaje," Bi Wakui alisema kutoka kaunta.

"Namheshimu paka, mama. Nasema tu wale kumi na mmoja hakuna tena anayewagusa. Wameota vumbi."

"Yule ni mwanangu," alisema Mzee Kusaka.

"Tunajua, mzee. Ndiyo maana tumeandika kwa kalamu ya risasi."

Mzee hakutia saini. Jumamosi aliwahi mlangoni kabla ya shata kupanda, akaketi, akamchagua Osayo, akashinda na kushinda. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, katikati ya pambano na pambano, wakati mtu wa upande wa pili akitafuta sarafu.

"Baba, saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

"Usiku au mchana?"

"Mchana, mama. Jumamosi."

Osayo alikuwa na plasta kisiginoni, imebanduka. Akaibandika tena kwa kidole gumba. "Kuna mkate kwenye droo yangu," alisema. "Nitakula nikitoka."

Sarafu ikaanguka upande wa pili. Akammaliza mtawa, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, kioo kikaingia ukungu.

"Nikishinda siondoki, baba. Na kushindwa siwezi. Nilitaka kujipunguza Jumatatu."

"Nikiviacha vitufe je?"

Akaviacha, mikono akaiweka magotini. Osayo akaendelea peke yake, kwa sababu hajawahi kukaa bure huku mtu akimsubiri. Tangu mdogo alikuwa hivyo, sahani haikulala sinkini. Kibao kikapanda na kushuka, mwanamieleka mnene akalala chali.

"Nani huyo anacheza vizuri hivyo?" Dobashi alipaza sauti ng'ambo ya mashine.

"Hakuna mtu," mmoja wa waliosimama akamjibu.

"Alaa," alisema Dobashi, akajipapasa mfukoni.

"Na Bi Wakui akizima umeme?" mzee aliuliza.

"Akizima hapa naitwa kwenda Hiroshima. Wakifunga Hiroshima, kuna Sapporo. Niko kwenye mashine zote. Wananipenda, baba, ndiyo shida yenyewe." Akaegemea kibao chake. "Lakini hapa wameandika. Nimewasikia wakisomeana. Kukiwa na mashine moja ambamo sichaguliwi, nitajilaza humo. Amebaki mtu mmoja kutia saini."

"Nikiandika sitakusikia tena."

"Najua."

"Siwezi, Chinatsu! Mama yako hayupo, wewe hupo, nyumba nzima ina saa ya ukutani tu. Siwezi." Alilia waziwazi, kwa sauti, mwanamume wa miaka hamsini na tisa kwenye kiti cha vijana, na Bi Wakui akaongeza sauti ya mashine ya jirani ili asiaibike. "Moja tu tena," alisema mzee alipopata pumzi. "Moja, halafu nitafikiria."

Akashinda hiyo moja. Akasema moja tena. Saa kumi ikapita, na saa kumi na moja. Plasta ikadondoka na haikuokotwa. Kila alipotaka kuinuka aliketi tena, akasema maneno yaleyale, mpaka Osayo, bila hasira, akasema, "Msimamizi wetu kazini naye alikuwa anasema hivyohivyo."

Mzee Kusaka aliviacha vitufe, akainuka. Alikwenda kaunta, akaomba kalamu ya wino, akaandika jina lake chini ya yale kumi na tatu. Bi Wakui akamshikia daftari.

Jumatatu hakuna aliyemchagua. Kwenye ukurasa wa kuchagulia, palipokuwa na picha yake akiwa kakunja ngumi, sasa alionekana amelala ubavu juu ya lundo la nguo zisizofuliwa, mdomo wazi kidogo. Kioo kikakauka. Bi Wakui alipunguza sauti ya mashine bila kuombwa, na wachezaji wakazoea kubonyeza taratibu. Mzee alikuja kila siku na wali wake wa kubumba uliofungwa mwani. Alitia sarafu, akasogeza alama hadi kwenye kisanduku cha Osayo, akamtazama akipumua mpaka saa ya kuchagua ikakaribia kwisha, halafu akasogea na kumchukua mtawa, akapigwa upesi, akaenda mwisho wa foleni. Kwenye mashine za kwingine Osayo alikuwa bado anafanya kazi, hilo mzee alilijua. Siku nyingine mkono wake wa kulia ulirukaruka usingizini. Lakini alilala. Alilala majuma matano, na mzee alinenepa kidogo, na ningependa kusema kwamba iliishia hapo.

Mwishoni mwa Oktoba wakaja watu wawili na gari la mizigo, wakatoa bamba la mchezo ndani ya mashine na kuweka jipya, kazi ya dakika kumi. Waliacha bango. Toleo jipya, lilisema. Osayo amepunguzwa nguvu. Sasa pande zote mbili zinaweza kumchagua mpiganaji yuleyule.

Mashine ilipowaka, Osayo alikuwa wima kwenye kisanduku chake, nywele amezifunga, alama za mikunjo ya nguo bado ziko shavuni. Akainama mpaka kiunoni.

"Samahani," alisema. "Nilipitiwa na usingizi."

Siku hiyohiyo Mzee Kusaka aliandika daftarini, kwa wino, kwamba waendelee kujizuia. Bi Wakui alitia saini ingawa hakuwa mchezaji. Chini yake wazoefu walijibu kwa adabu zote. Mmoja alimpa pole. Mwingine alieleza, kwa hesabu, kwamba kibao cha Osayo sasa kinapiga sawa na ngumi ya mtawa. Watatu waliandika kwamba ndiyo kwanza anafurahisha kuchezwa. Dobashi alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Tunajizuia na kinachozidi, mzee. Huyu hazidi tena. Ni wa kawaida."

"Anachoka, Dobashi."

"Wote wanachoka. Mwanamieleka wangu anachoka. Mimi nachoka." Alisema kwa upole wa kweli, na tofu moja alimletea, imefungwa kwenye gazeti. "Tena sasa anashindika. Akishindwa anatoka, si ndiyo ulitaka?"

Mzee Kusaka aliona ni kweli. Alisubiri foleni, akaketi, akamchagua Osayo ili asichukuliwe na mwingine, akanuia ashindwe haraka ampumzishe. Lakini akishindwa upande huu huchaguliwa upande wa pili, maana tangu asubuhi watu hawakuwa wakimchagua mwingine. Na hata kabla hajashindwa walimchagua. Sarafu ilianguka ng'ambo, alama ikazunguka ikitafuta, ikatua palepale ilipokuwa ya mzee.

Wakatokea Osayo wawili uwanjani, mmoja wa nguo za buluu na mmoja wa nguo nyekundu. Wote walikuwa na plasta kisiginoni. Wakainamiana.

"Baba, umekula?" aliuliza wa buluu.

"Baba, saa ngapi?" aliuliza mwekundu.

Kisha wakaanza. Kibao kikampata wa buluu begani, kingine kikampata mwekundu mbavuni, na kila pigo lililotua, aliyepiga alisema samahani. Kioo kikaanza kuloa. Mzee Kusaka alishika kijiti cha kuchezea, akakiachia, akakishika tena, maana hakujua amsaidie yupi.