Miezi Isiyo na Mbio

Mawifi wawili kupanda gari moja, watu walisema, ni sawa na kutia paka wawili kwenye gunia na kulifunga kamba. Lakini wale wawili walipanda gari moja misimu minne mizima na hakuna aliyemkwaruza mwenzake. Mmoja alishika usukani. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, ndiyo maana klabu nzima ya rali ilimwita Fundi Meno. Wa pili, mdogo wa mumewe, alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kuita majina ya washtakiwa kwa sauti inayofika mpaka getini. Garini alikaa kiti cha pembeni, daftari mapajani, akimsomea Fundi Meno kona zinazokuja kabla jicho halijaziona. Kona kali kabisa ni moja. Ya kupita bila kugusa breki ni sita. Inayobana ni ile inayozidi kukaza ukishaingia ndani yake. "Kulia tano. Mita themanini. Kushoto tatu, inabana." Dereva haulizi zaidi ya hapo. Yeye ni wa kusikia na kutii.

Katika mbio za mwisho za msimu gari lao lilitoka njiani kwenye kona ya kushoto, likabiringika mara mbili, likaenda kulalia rundo la mawe. Fundi Meno alitoka na mchubuko kidevuni. Wifi yake alitolewa na watu sita, mfupa wa paja umevunjika vipande vitatu. Wakamtia chuma. Kamati ya klabu ilipouliza kulikoni, Fundi Meno alisema changarawe ilikuwa na utelezi. Wakaandika utelezi, akatia sahihi, kila mtu akampa pole.

Tangu siku ile hakulia, hakuota ndoto mbaya, wala hakukosa usingizi. Hakuhisi kitu. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake. Kazini alimaliza meno ya juu ya mwalimu mstaafu, kazi ya wiki mbili ya nta na plasta, na yule mzee alipojiona kwenye kioo akatokwa na machozi ya furaha. Fundi Meno alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha juu ya paa la jirani.

Kitu kimoja tu hakukiacha: mazoezi. Msimu ukifungwa, dereva wa ridhaa kama yeye hana kocha wala gari la kujaribia. Ana miezi mitano ya kukaa, na asipoangalia hurudi barabarani na mikono ya mtu wa kugonga mihuri ofisini. Kwa hiyo kila alfajiri kabla ya kazi alivaa helmeti, akalala juu ya benchi huku kichwa kikining'inia nje, akahesabu hadi sitini ili shingo isisahau uzito. Kisha alidunda mpira ukutani na kuudaka kwa mkono mmoja, halafu akiwa amefumba jicho la kulia, halafu la kushoto. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa amemtengenezea ubao wenye taa nane zilizong'olewa kwenye majokofu mabovu. Taa ikiwaka, sharti aigonge kabla haijazima. Mwisho aliketi kwenye kiti cha jikoni, akafumba macho, akashika kifuniko cha sufuria kama usukani, na kuendesha kichwani njia nzima ya mbio, saa ya kupimia ikiwa mezani.

"Leo tunapika au tunashindana?" mumewe alimuuliza asubuhi moja, akikihitaji kifuniko.

"Nimebakiza kona tatu."

Mumewe akacheka, akasubiri. Alikuwa mtu wa subira. Mtu asiye na subira hatengenezi majokofu.

Katika safari zile za kichwani Fundi Meno aliipita hata kona ile. Aliipita vizuri, kila siku, bila kutetereka. Siku moja alivaa saa inayohesabu mapigo ya moyo, na alipofika pale akafumbua jicho moja kuchungulia. Sitini na nne. Ni mapigo ya mtu anayemenya kitunguu.

Kumtembelea wifi yake alikwenda mara moja tu, hospitalini, akasimama mlangoni nyuma ya wageni wengine. Baada ya hapo ikawa leo kazi, kesho mazoezi. Mumewe ndiye aliyekwenda kila Jumapili.

"Anakuulizia," alikuwa akisema akirudi.

"Mwambie nitakuja."

"Nimemwambia hivyo mara saba. Ya nane nitaona aibu."

Jumapili moja mumewe alirudi amenywea. Mkewe alikuwa uani na mpira wake. Mume akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Kumbe hakumbuki kitu. Anakumbuka lile daraja dogo, halafu anakumbuka dari la hospitali. Ananiuliza kama alichelewa kusoma ile kona. Nimemwambia, hata kama ulichelewa, mdogo wangu, hakuna anayekulaumu."

Fundi Meno aliyasikia maneno yote, moja baada ya jingine. Aliendelea kudunda mpira. Aliudaka mara arobaini bila kuuangusha, na mumewe akadhani huzuni imemziba masikio, akaingia ndani.

Mwezi mmoja kabla ya msimu kufunguliwa klabu iliandaa siku ya mazoezi katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Magari yalikuwa mawili ya kuazimana, na katika kiti cha pembeni cha lile alilopangiwa Fundi Meno alikaa Mzee Spana, dereva wa zamani ambaye vidole vyake viwili havikunjiki na ambaye hakuwahi kumsifu mtu mbele ya watu. Kila dereva alipewa mizunguko mitano.

Fundi Meno aliendesha. Mikono ilifanya iliyozoea kufanya. Gari lililala pale alipotaka lilale na kuinuka pale alipotaka liinuke. Alipovuka mstari wa mwisho wenzake walikuwa wanapiga makofi. Hakuna aliyekuwa ameukaribia muda wake.

Mzee Spana hakushuka. Alifungua mkanda wa helmeti polepole.

"Umeendesha kama mtu anayeosha vyombo," alisema.

"Muda mbaya?"

"Muda mzuri. Mzunguko wa nne, pale kwenye shimo la maji, nilikuambia nini?"

"Punguza."

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia, mzee."

"Nilidhani helmeti imekubana masikio. Sasa niambie, mwanangu. Ukisikia na usifanye, mimi nilikuwa nakaa hapa kama nani? Kama mzigo?" Hakusema kwa hasira. "Dereva mwoga nitamfundisha. Dereva mkaidi nitamkemea. Wewe leo hukuwa mwoga wala mkaidi. Hukuwepo. Sipandi tena na wewe mpaka urudi kutoka huko ulikokwenda."

Akashuka, akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumbani kwa mgonjwa.

Fundi Meno alibaki ameshika usukani. Ukisikia na usifanye. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno hayo, kwa sababu hakuna aliyejua. Akavua ovaroli, akaingia kwenye gari lake la kawaida, na bila kupita nyumbani kuosha vumbi la machimbo usoni, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Saa tisa ya mchana ilikuwa haijafika.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kabla hajabisha alisikia sauti ile ya mahakamani, imepungua nguvu lakini bado imenyooka: "Daraja. Mita mia. Kushoto tatu, inabana." Kisha tena, haraka zaidi: "Daraja. Mita mia. Kushoto tatu, inabana."

Alisukuma mlango. Wifi yake alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, mguu umeinuliwa juu ya mto, magongo yameegemezwa ukutani. Mapajani alikuwa na daftari la kona, lile lile, ukurasa umelegea kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Mbele yake ilikuwa saa ya jikoni.

"Oh," alisema. "Mgeni wa mwaka. Karibu, ila sina mguu wa kukuinukia."

"Unafanya nini, wifi?"

"Najipima. Nataka kujua kama ingewezekana nikachelewa. Nikisoma hivi napata sekunde mbili na kitu. Nikisoma polepole, tatu. Sasa sijui siku ile nilisoma vipi. Wewe ulikuwepo. Kaka anasema nisiulize, lakini mimi nauliza."

Fundi Meno hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mumewe kwamba gesi imekwisha.

"Ulisoma. Ulisoma mapema, tairi za nyuma zikiwa bado darajani. Kushoto tatu, inabana. Nilisikia."

"Ulisikia."

"Nilisikia vizuri. Tulikuwa nyuma kwa sekunde nne. Nikaona naweza kuipita kana kwamba ni nne, si tatu. Sikuondoa mguu kwenye mafuta."

"Na utelezi?"

"Hapakuwa na utelezi."

Mshale wa saa ya jikoni ulisikika ukitembea. Wifi yake alilifunga daftari, akalifungua, akalifunga.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne nausoma ukurasa huu mbele ya saa. Unajua mimi nimeomba kazini wanihamishie chumba cha mafaili? Nimeandika barua kabisa. Niliogopa nitaita jina la mtu, nitachelewa, mtu atapotea kwa sababu yangu. Mimi! Miaka kumi na moja sijawahi kukosea jina. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

Fundi Meno alitaka kujibu, akaona mikono yake imeshika hewa mbele ya kifua, kama ilivyoshika kifuniko cha sufuria. Aliitazama kwa mshangao, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Machozi hayakuja. Akarudi nyuma hatua moja, akagonga kabati, vikombe vikalia.

"Usiangukie vyombo vyangu," wifi yake alisema. "Kaa. Mpigie kaka aje. Utasema tena, yeye akiwa amekaa pale."

Mumewe alikuja na bisibisi bado imo mfukoni mwa shati. Fundi Meno akasema tena, tangu darajani hadi kwenye saini. Safari ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Mumewe hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu.

"Siku ile nakwambia nimemwambia hakuna anayemlaumu, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Aliinuka, akaenda jikoni kwa dada yake, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake Fundi Meno aliandikia kamati barua ya ukurasa mmoja, akaufuta uongo wake kwa mkono wake mwenyewe. Wakamfungia nusu ya msimu. Madereva wenzake wengine walimwona mjinga. Utelezi, walisema, haujawahi kumshtaki mtu kwa kusingiziwa. Nyumbani, kwa wiki tatu, mumewe alizungumza naye kama anavyozungumza na mteja: kwa adabu, na kuhusu yanayohusika tu. Fundi wa majokofu akileta baridi nyumbani, swichi ya kuizima haionekani. Siku ya ishirini na mbili alimuuliza kama amekula. Naye akajibu bado, wakala pamoja bila mazungumzo, na mumewe akamsogezea chumvi kabla hajaiomba.

Wifi yake hakupiga simu. Kisha siku moja ukaja ujumbe wa sauti, mfupi: "Jumanne saa nne nina mazoezi ya mguu hospitali. Anayenipeleka amesafiri. Wewe una gari. Usiniletee maneno."

Hakumletea maneno. Alimpeleka, akamsubiri, akamrudisha. Jumanne iliyofuata yule anayempeleka alikuwa amesharudi safari, lakini ujumbe ulikuja vile vile. Ikawa desturi. Fundi Meno aliendesha mwendo wa maharusi, na wifi yake alitazama dirishani. Msamaha haukutajwa. Siku moja tu, wakiwa kwenye foleni ya taa, wifi yake alisema kwamba ameifuta ile barua ya kuomba kuhamishwa, ameanza tena kuita majina.

"Hujakosea?"

"Mimi nikosee?"

Jumanne iliyofuata ufunguzi wa msimu walikaa wote wawili kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, wakisubiri zamu. Wifi yake alikuwa na gazeti lenye matokeo ya mbio. Aliyasoma kwa sauti, tangu wa kwanza, mpaka watu wa benchi la pili wakageuka: gari namba fulani, muda fulani. Mshindi alikuwa kijana ambaye wao wawili waliwahi kumshinda mara tatu mfululizo.

Fundi Meno alisikiliza, na chini ya mbavu kitu kikamchoma, kidogo kama mwiba. Alihitaji muda kukitambua. Ulikuwa wivu. Si hisia ya kujisifia, na hata hivyo alikaa kimya kabisa, mikono mapajani, akiogopa kupumua kwa nguvu usije ukazimika.

"Umenyamaza nini?" wifi yake aliuliza.

"Yule hawezi kona za kulia."

"Hawezi kabisa," wifi yake alisema. Akageuza ukurasa.

Mlango ukafunguliwa, zamu yao ikaitwa. Wifi yake alimwachia gazeti, akachukua gongo moja badala ya mawili, na kuanza kutembea.